Kidole Nje ya Glavu

Nolan Terhaar aliazimwa siku ya Jumatatu, kama watu wanavyoazimana tela la kubebea nyasi. Mji wake, Holbrand, ulikuwa umetolewa kwenye mashindano Jumapili, na asubuhi yake, bado yuko na buti za bandani, simu ikalia. Eltzen wanamtaka.

Kule Minnesota ndivyo ilivyo. Miji midogo inacheza besiboli kiangazi kizima, watu wa ridhaa tu, mmoja fundi bomba, mwingine mwalimu, mwingine mkulima. Mji ukifuzu kwenda mashindano ya jimbo, unaruhusiwa kuazima warushaji watatu kutoka miji iliyotolewa. Kwa hiyo mtu unaweza kumzomea kuanzia Mei mpaka Agosti, halafu ghafla umevaa jezi yake na unakunywa kwenye ndoo yake ya maji. Shida ni kwamba Eltzen haikuwa mji wowote tu. Ni maili nne kutoka Holbrand. Ukisimama kwenye ghala la mahindi unauona mnara wa kanisa lao, na hata kwenye arusi watu wa miji hiyo miwili wanakaa pande tofauti za ukumbi.

"Nenda," baba yake alimwambia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mashine ya kukamulia. "Ila soseji zao usile."

Nolan alikuwa na miaka ishirini na nne na alikuwa amejipa kiangazi kimoja tu. Kimoja. Chuo kilikwisha na hakuna timu ya kulipwa iliyompigia. Mkono alikuwa nao, hilo hakuna aliyebisha. Mpira wake wa kasi ulikuwa unalia ukipita. Wa pili wake ulikuwa mpira mvivu: mkono unakwenda kasi ileile, lakini mpira wenyewe unachelewa njiani, na mpigaji anapiga hewa. Wageni walikuwa wanauona huo mpira kama uchawi. Ila nyumbani, wilayani kwao, mbele ya watu waliomjua tangu anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu, walikuwa wanaupiga kama wameuandalia chai. Miaka sita hajui kwa nini. Akaanza kuamini kwamba labda ndicho kipimo chake, labda hao wageni ndio walikuwa wabovu. Kiangazi kikiisha bila kitu, atabaki shambani na kaka yake Dale, basi, na mambo ya ligi kuu atayaangalia kwenye televisheni kama kila mtu.

Akaenda Eltzen. Na soseji zao alizila siku ya kwanza ileile.

Mdakaji wa Eltzen alikuwa Virgil Botz, dereva wa lori la maziwa, miaka thelathini na nane, magoti yanalia kama mlango wa zizi. Nolan hakumpenda. Mara ngapi jamaa huyu amempiga mpira nje ya uzio halafu akazunguka uwanja taratibu, anamsalimia kila mtu? Sasa ndiye amechuchumaa mbele yake, anampa ishara za vidole arushe nini.

Wakafika fainali. Wapinzani, Marbeck, nao ni wa kanda ileile, na wao pia walikuwa na mtu wa kuazima: Duane Pohl, mrushaji kutoka mji jirani, anayemjua Nolan tangu shule ya msingi. Pohl hakucheza siku ile. Alikaa tu kwenye benchi, kofia imegeuzwa nyuma, anatafuna mbegu za alizeti.

Awamu ya nane kati ya tisa, Eltzen wanaongoza kwa moja, mrushaji wao kachoka. Kocha akamwita Nolan. Kazi ya mrushaji wa akiba ndiyo hiyo, anaitwa nyumba ikishaanza kuungua. Akapanda kile kichuguu cha katikati ya uwanja, akarusha mpira wa kasi, mpigaji akakosa. Akarusha mvivu. Kabla hajauachia akasikia mluzi kutoka benchi la Marbeck. Kwaa! Mpira ukaenda zake uwanjani, mtu akafika kituo cha kwanza. Mpigaji wa pili, mambo yaleyale. Mluzi, kwaa. Sasa kuna watu wawili vituoni na Nolan jasho linamwingia machoni.

Virgil akaomba muda. Akatembea mpaka kichuguuni, polepole, magoti yale, akaziba mdomo kwa glavu.

"Dogo, unamsikia anayepiga mluzi?"

"Pohl? Ana raha zake."

"Hana raha yoyote. Anasoma kidole chako."

"Kidole gani?"

"Hicho." Virgil hakuonyesha, alikitazama tu. Ni kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kile Nolan alichozoea kukiacha nje, juu ya mgongo wa glavu. "Ukitafuta mshiko wa mpira mvivu humo ndani, hicho kinainuka. Kila siku. Kama sikio la ng'ombe akifukuza nzi."

Nolan akataka kucheka. Halafu akaona jamaa hacheki.

"Tangu lini?"

"Tangu una miaka kumi na minane."

"Na wewe ulijua?"

"Dogo, Eltzen nzima inajua. Padri anajua. Mke wangu hajui hata kanuni za besiboli, na anajua."

"Mbona Dale hajawahi kuniambia? Kaka yangu ndiye ananidakia!"

"Dale ndiye anayekwambia urushe nini, sasa ataangalia kidole cha nini? Haya, kiingize ndani ya glavu. Mwamuzi anakuja kutufukuza."

Nolan akakiingiza. Kikakaa humo kama mgeni kitandani, hajui mkono auweke wapi. Virgil akaomba mpira mvivu. Mluzi haukulia. Nolan akaangalia pembeni, akamwona Pohl amesimama, mbegu zimebaki mkononi, anatafuta kidole hakioni. Mpigaji akakata hewa mpaka kofia yake ngumu ikaanguka. Wapigaji watatu mfululizo wakarudi benchi wanatikisa kichwa, na awamu ya tisa ikawa hivyohivyo. Eltzen wakabeba kombe, kwa mara ya kwanza tangu enzi za babu yake Virgil.

Wakati wenzao wanamwagiana bia, Nolan alimfuata Virgil nyuma ya lori.

"Miaka sita," akamwambia. "Nilikuwa nakaa na barafu begani, nalia kama mtoto, na nyie mnanicheka kwenye arusi."

"Tulicheka sana," Virgil akakubali. Alikuwa anafungua kamba za kinga za magoti, moja moja. "Ulitaka tufanyeje? Ulikuwa wa Holbrand. Mtu wa Holbrand akija na mlango wazi, mimi ndiye nikamfungie?"

"Na leo?"

"Leo umevaa jezi yangu." Akazitupa kinga ndani ya lori. "Halafu usinifanye mtakatifu. Nililitaka kombe. Pohl asingepiga mluzi, sijui kama ningefungua mdomo. Mwakani utakuja kutupiga na kidole chako ndani, vijana watanitukana mimi. Nimeshajua."

Lakini mwakani Nolan hakuwapo. Kwenye jukwaa siku ile alikuwepo mzee mmoja, msaka vipaji mwenye kipima kasi, amekuja kumwangalia mtu mwingine kabisa. Aliandika jina, akapiga simu, na mwezi wa pili Nolan akaondoka na mabegi mawili.

Ligi za chini za kulipwa nani atakuhadithia zikaisha? Ni mabasi. Ni mikate ya siagi ya karanga. Unalala mji usioujua jina, unaamka unauliza tuko wapi. Miaka mitatu Nolan alipanda ngazi moja moja, kidole ndani, mpaka akafika ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Pale ndipo pagumu kuliko pote, maana mlango unauona. Watu mnacheka pamoja mezani, na kila mmoja anajua kwamba huko juu akiumia mtu, kiti kitakuwa kimoja.

Alikuwa anaishi nyumba moja na Eliseo Pichardo, mrushaji wa akiba kama yeye, mtu wa San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika. Pichardo alijifunza kurusha kwa malimau nyuma ya nyumba ya bibi yake. Alikuwa anaimba anapopika, na alikuwa anapika kila siku, wali na maharage na ndizi za kukaanga, na sahani mbili bila kuuliza.

"Mkulima!" ndivyo alivyokuwa anamwita. "Njoo ule. Wewe ukiachiwa jiko utakula mkate mpaka ufe."

"Mkate una shida gani?"

"Hauna shida. Hauna kitu chochote, hata shida hauna."

Mwaka ule wote wawili walikuwa moto. Pichardo alikuwa na mpira wa kona, unakuja umenyooka halafu mbele ya mpigaji unakata kushoto kama umeitwa. Magazeti ya pale mjini yalisema mmoja kati yao atapanda kabla ya Septemba, wakawa wanataniana kuhusu hilo wakiosha vyombo.

Julai, mchana mmoja, Nolan alikuwa amekaa zizini. Zizi ndilo wanavyoliita lile eneo la pembeni warushaji wa akiba wanapokaa kungoja kuitwa. Anamtazama mwenzake uwanjani, hana hili wala lile, na akaona. Kabla ya mpira wa kona, Pichardo alikuwa anatupa jicho ndani ya glavu. Nusu sekunde. Kabla ya mpira wa kasi, hatupi. Nolan akahesabu mipira kumi na tano. Hakukosea hata mmoja.

Akafikiri, nitamwambia jioni tukila.

Wakala. Pichardo akaimba. Nolan akasema maharage yameiva vizuri.

Kesho yake akafikiri labda nimeona vibaya, niangalie tena. Akaangalia tena, ni vilevile. Siku ya tatu akajiambia si kazi yangu, kuna makocha wanalipwa kwa ajili hiyo. Siku ya tano walikuja wageni kutoka Iowa na wale walikuwa na macho, wakampiga Pichardo kama ngoma. Alirudi benchi akakaa na taulo kichwani. Nolan akaenda, akamwekea mkono begani, mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni, "Ni siku mbaya tu, kaka. Itapita."

Siku ya nane wakampiga tena. Siku ya kumi tena. Nyumbani hakuimba. Alikaa na simu anaangalia picha za mechi, anaangalia mkono wake wa kulia, begani, kiwikoni, anatafuta ugonjwa kwenye mkono ambao haukuwa na ugonjwa. Nolan aliujua mtazamo ule. Ulikuwa wake miaka sita.

Siku ya kumi na moja kocha alimwita Nolan ofisini baada ya mazoezi. Kule juu mtu kaumia bega.

"Terhaar, funga virago. Unapanda."

Pichardo ndiye alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Alimnyanyua juu juu, akapiga kelele mpaka waosha jezi wakatoka nje. Halafu akakimbia nyumbani, akarudi na kopo la wali na ndizi, limefungwa kwa mpira wa nywele.

"Ule kwenye ndege. Huko watakupa njugu."

Nolan alilipakata kopo lile angani saa mbili nzima, hakulifungua.

Huko juu alipokewa na begi. Ni mila ya kila timu: mrushaji wa akiba aliye mgeni kuliko wote ndiye anayebeba peremende na bigijii za wenzake mpaka zizini, na kwenye timu ile zilikuwa zinabebwa kwenye begi la shule la mtoto, la pinki, lina farasi mwenye pembe na kamba fupi za kukaba kwapa. Mtu wa miaka ishirini na saba, kimo cha mlango, anavuka uwanja mbele ya watu elfu thelathini amevaa begi la chekechea.

"Mama yako kakufungashia maziwa?" mtu mmoja akapiga kelele kutoka jukwaani.

"Tunafuga," Nolan akajibu, jukwaa zima likacheka.

Jumapili mchana, awamu ya saba, simu ya zizini ikalia. Akaingia na watu wawili vituoni, mpigaji mmoja tu ndiye ameshatolewa. Akarusha mipira miwili ya kasi. Mdakaji akaomba mpira mvivu, Nolan akatafuta mshiko, akahisi kile kidole kinajipinda humo gizani, kinataka kuinuka kama zamani, lakini kimefungiwa. Akauachia. Mpigaji akaugusa kwa juu tu, mpira ukabingirika chini, walinzi wakauokota na kutoa watu wawili kwa mkupuo. Awamu imekwisha. Mipira mitatu tu. Yaani maisha yake yote, halafu mipira mitatu.

Asubuhi yake Virgil alipiga simu. Nyuma yake lori la maziwa linanguruma.

"Tulikuwa baa ya Holbrand, dogo. Ndiyo, mimi, ndani ya Holbrand. Baba yako kaninunulia soseji. Nilikuwa siangalii mpira, nilikuwa naangalia kidole. Hakikutoka."

"Asante, Virgil."

"Mbona sauti ya msibani?"

Nolan alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha hoteli. Lile kopo liko juu ya meza, tupu, ameliosha mara mbili.

"Miaka sita ile. Ulikuwa unalala?"

"Kama gogo. Nilikwambia, ulikuwa wa Holbrand."

"Na kama tungekuwa timu moja? Chumba kimoja?"

Lori likanguruma muda mrefu.

"Hapo sijui ningelalaje," Virgil akasema. Kisha, polepole, "Umemfanyia nani?"

Nolan akaaga, akakata. Alikaa na simu mkononi na akafanya hesabu, tusimfiche. Aliyeumia bega atapona. Kiti ni kimoja. Pichardo akiacha kutazama glavu, ni mzuri kuliko Nolan, wote wawili wanalijua hilo. Kumpigia ni kama kuvua jezi kwa mkono wako na kumpelekea mtu nyumbani kwake. Dakika ishirini alikaa. Halafu akapiga.

"Mkulima! Nilikuona! Mipira mitatu, ukaenda zako kama umelipia maegesho!" Nyuma mafuta yanachacharika kwenye kikaango.

"Eli, sikiliza. Mkono wako hauna kitu. Unatazama ndani ya glavu kabla ya mpira wa kona. Kabla ya wa kasi hutazami. Ndicho wanachosoma."

Mafuta yakaendelea kuchacharika. Kisha jiko likazimwa.

"Umeona kwenye televisheni?"

Pale palikuwa na njia ya kutokea, pana, ina taa. Nolan aliiona.

"Hapana. Niliona nikiwa huko."

"Tangu lini?"

"Siku kumi na moja kabla sijaondoka."

"Kumi na moja," Pichardo akasema. Akarudia kwa lugha yake, taratibu, kama anahesabu mbele za bibi yake. "Nikakufungia na wali."

"Ndiyo."

"Usinipigie wiki hii. Wiki ijayo labda. Sijui."

Hakumpigia, na Pichardo naye hakumpigia. Lakini Nolan alikuwa anasoma matokeo kila asubuhi kabla ya chai, na aliona. Mechi moja safi. Mbili. Tano. Kila alipoona safi, alifurahi, na kiti chini yake kikacheza kidogo.

Agosti ikaisha, na bega la yule jamaa halikuwa limepona. Septemba mosi timu za ligi kuu zinaruhusiwa kuongeza watu wawili. Nolan aliingia chumba cha kubadilishia akakuta jina PICHARDO juu ya kabati la jirani, na mwenyewe amekaa chini yake anafunga kamba za viatu. Watu wakampigia makofi mgeni. Mzee wa zizi, mrushaji mwenye mvi kidevuni, akatangaza, "Terhaar, umefunguliwa! Mkabidhi mgeni mzigo wake!"

Nolan akalichukua lile begi la pinki, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Pichardo alilitazama begi. Akamtazama Nolan, kutoka kofia mpaka viatu. Akarudi kwenye kamba zake.

"Libebe wewe," akasema. "Siku kumi na moja."

Chumba kizima kikauliza kuna nini, mbona mila inavunjwa, mgeni ana kinga gani. Pichardo akakaza fundo la kiatu. Nolan akavaa begi.

Alilibeba nyumbani na ugenini. Alilibeba kwenye mvua, Jumamosi, farasi na pembe yake wamelowa. Watu wa jukwaani wakaanza kumwita mtoto wa chekechea aliyerudia darasa. Siku ya nne Pichardo alimwomba bigijii bila kumwangalia. Siku ya saba alimwangalia. Siku ya tisa wote wawili waliitwa mechi moja, Nolan awamu ya saba, Pichardo ya nane, na Nolan alikaa zizini anamtazama glavu, roho mkononi. Jicho halikushuka hata mara moja. Siku ya kumi alikuta ndani ya begi, kati ya peremende, ndizi ya kukaanga imefungwa kwenye karatasi. Akaila palepale.

Siku ya kumi na mbili alifika mapema, akanyoosha mkono kuchukua begi kwenye ndoano ya kabati lake kama alivyozoea. Ndoano ilikuwa tupu. Huko nje, katikati ya nyasi, mtu alikuwa anaelekea zizini peke yake, mabega yamebanwa na kamba za begi la mtoto, anaimba.